Kipya Kinyemi

Orest amepiga magoti garajini,
yeye ambaye kanisani husimama nyuma karibu na mlango
akilisingizia goti la kushoto.
Leo yote mawili yako kwenye saruji,
tochi mdomoni,
nami nimesimama na kikombe cha chai kinachopoa
nikingoja mahubiri.

"Marusia, njoo uone."
Naona gari. Pikapu nyekundu kama bitiruti iliyochemshwa,
dola elfu themanini na mbili,
miezi tisa ya kungoja, kama mimba,
na kilomita arobaini na moja tu kwenye saa yake,
zote za kutoka Yorkton hadi hapa.
"Usiangalie gari. Angalia rangi."

Nikaangalia rangi.
Na jicho likishafundishwa, nani atalifundisha kusahau?
Chini ya kitasa, chembe ya vumbi
imezikwa hai ndani ya vanishi.
Kwenye boneti, ganda la chungwa, vinyweleo tele.
Ukingoni mwa mlango wa nyuma, upana wa kidole
ambapo rangi ilisahau kufika,
bati liko uchi.
Na mlango wa dereva, chini kabisa, tone:
lilianza kushuka, likabadili nia,
likakauka njiani.

Kila kasoro kaibandikia utepe wa buluu, jumla saba.
Gari limekuwa kama kidevu cha kijana
siku ya kwanza ya wembe.

Kule dukani, Brennan, mwenye viatu vya ncha,
alikagua, akasema: "Iko ndani ya kiwango."
Kiwango!
Orest alilirudia neno hilo njia nzima,
kama mtu mwenye unyuzi wa nyama katikati ya meno.
Wanaweza kusugua kwa mashine, vanishi ipungue.
Wanaweza kupuliza upya,
lakini gari lililopulizwa upya, anasema,
si jipya, ni gari lililopona.
Au mazulia ya mpira, ya miguuni, bure.
"Nimewaambia mlango, wananijibu zulia."

Kipya kinyemi, husema watu, ijapokuwa kidonda.
Hao hawakulipia kidonda chao
kwa miezi sabini na miwili.

Usiku, baridi ikikwaruza dirisha,
nilidhani amelala.
"Ilikuwa Ijumaa," akasema.
"Ijumaa gani?"
"Danylo alipokuwa kwenye kile kisanduku cha kioo."

Miaka thelathini na moja alipuliza rangi
kwenye mashine za kupandia ngano;
miaka thelathini na moja nilifua kijani kwenye kola zake.

"Tone lilianza kushuka ubavuni mwa tangi.
Nililiona. Kitambaa kilikuwa mfukoni.
Kengele ikalia, nikaja hospitali."
Akanyamaza muda mrefu.
"Kuna mkulima mahali fulani
alipiga magoti kwa sababu yangu."

Nilitaka kumwambia ile ni mashine ya shambani,
ndani ya wiki moja ilishajaa tope, nani aliangalia?
Nikameza. Kuna faraja nyingine ni tusi.

Asubuhi alibandua utepe, kipande kimoja kimoja,
akiuviringa kwenye kidole.
Aliacha ule wa mlango wa nyuma.
"Pale bati liko uchi," alisema,
"na chumvi ya barabarani haijui Ijumaa."
Watapatengeneza, kwa maandishi,
na sahihi ya meneja, si ya Brennan.
Orest amesamehe, hajawa mjinga.
Mazulia pia kayachukua.

Lile tone la mlango wa dereva bado lipo.
Akiosha gari hulifikia mwisho,
kwa kitambaa kikavu, taratibu,
kama mtu anayemfuta kamasi
mtoto wa jirani.