Swali la Nne na la Tisa

Saa tisa usiku, Tartu. Mto umeganda
na Maarika bado hajavua koti.
Wazee mia sita na sita wamo kompyutani mwake,
kila mmoja na majibu yake kumi na mawili,
toka *sikubali kabisa* hadi *nakubali kabisa*.

Alichora duara moja, akaliita Upweke.
Mishale kumi na miwili ikatoka humo,
kila mmoja ukichoma swali lake.
Akabonyeza. Akangoja.

Khi-mraba ikapanda kama homa.
"Huyo msamehe," Tiidrik huwaambia wanafunzi,
"watu wakiwa wengi hulalamikia hata unywele."
Sawa. Lakini kosa la ukadiriaji nalo,
ambalo angelitaka kwenye sufuri nukta sufuri sita,
limekaa kwenye nukta moja moja,
halioni haya.
Nguo haijamkaa mtu:
imebana kwapani, kiunoni inapwaya.

Ndipo programu ikamnong'oneza:
waache la nne na la tisa washikane mikono
nje ya duara,
nitakupunguzia sitini na moja.

Uzi mmoja tu. Nani atauona?

La nne: *Yupo wa kuniletea kuni.*
La tisa: *Yupo atakayejua nikianguka.*

Akamkumbuka Õie, kule Võru,
themanini na tatu, soksi mbili mbili,
aliyecheka karatasi ilipofika la tisa:
"Binti, si nimeshakujibu?
Ni Kalmer. Kalmer wa trekta.
Asipoleta kuni, nani atajua nimeanguka?"

Kumbe masalio yana jina.
Kumbe yana trekta.

Akaufunga uzi, akaandika sababu yake chini,
kisha akafungua nusu ya pili ya wazee,
wale aliowafungia tangu Septemba
asije akawashonea nguo huku akiwatazama.

Nukta sufuri saba tatu.
Si aibu. Si sherehe.
Hakuikata ile tatu.

Pembeni alikuwa ameandika *Kalmer*.
Akalifuta, maana siri ya mhojiwa ni siri,
akaweka: *jirani mmoja, kazi mbili.*
Namba zimekubali.
Hazijasema kwamba duara ni upweke;
zimesema tu hazijamkuta akidanganya.

Nje, theluji mpya.
Akavua koti, akajiuliza
kama Võru pia inaanguka,
na kama trekta limewaka.