Nyembe Mbili

Saa kumi na mbili asubuhi, Isevya,
injini imelala baridi kama chungu cha jana.
Ndivyo inavyotakiwa. Chuma cha moto husema uongo,
huvimba, kikajifanya kimejaa.

Nimefungua boneti ya Landrova ya kaka Mihayo.
Nati tatu, kava ikaachia na uzi wa mafuta meusi,
na hao hapo: roka nane, bega kwa bega,
kama abiria waliosinzia kwenye benchi la stesheni
wakingoja treni ya Mpanda.

Nyuki wawili wanazunguka mlango wa nyuma.
Miezi saba tangu gari hili libebe asali ya Sikonge,
nao bado wanadai.

Jumamosi anakuja mnunuzi kutoka Urambo.
Kasema kwa simu: "Sitaki gari linalogonga."
Nikamwapia halitagonga.

Nikatafuta geji kwenye boksi la spana.
Majani yote yapo, ila la ishirini limekatikia shinani.
Chini kabisa, ndani ya kasha la kiberiti,
nyembe mbili, zimepakwa grisi zisishike kutu.
Wembe mmoja ni kumi. Mbili, ishirini.
Kaka hakusoma hesabu zaidi ya hiyo.

Sizya, mwanawe, nimempa kazi ya kusukuma.
Gia ya tano. "Kidogo," nasema. "Kidogo tena. Tosha!"
Gari linasogea upana wa kiganja,
roka ya nane inainama hadi mwisho,
na hapo ndipo unapoishika ya kwanza.
Saba ikiinama, shika ya pili.
Sita kwa tatu. Tano kwa nne.
Jumla tisa, daima tisa:
mmoja akielemewa kabisa
ndipo mwenzake anapumua, ukaweza kumpima.

Nalegeza nati, nageuza bisibisi,
naingiza nyembe. Zikipita bure, imelegea.
Zikinasa, imebana, na iliyobana huungua.
Nataka zipite zikisita,
kama unavyovuta shuka chini ya mtu aliyelala
na hutaki aamke.

Saba kati yao zilikuwa karibu sawa.
Ya sita, nyembe nne zingepita na nafasi ikabaki.
Nilishangaa. Mtu wa nyembe mbili, kuiacha hivi?
Nikaikaza.

Saa nne nikawasha.
Moshi, kikohozi, kisha mngurumo laini
kama mashine ya kusaga isiyo na nafaka.
Sizya akapiga makofi. Hata mimi nilijiona fundi.

Mama akatoka jikoni na unga mikononi,
akasimama mlangoni, kichwa upande.
"Gari la nani hilo?"
"La Mihayo, mama."
"La Mihayo huja likigonga.
Nikilisikia kule kwenye reli, nateleka maji.
Hilo silijui."
Akarudi ndani. Mlango haukubamizwa;
afadhali ungebamizwa.

Basi tukangoja lipoe.
Tukangoja mpaka jirani akazima redio,
mpaka mbwa wa Isevya wakamaliza kesi zao.
Sizya kasukuma, kisha kashika tochi, hakuuliza kitu.
Ya tatu ikainama, nikaishika ya sita.
Nyembe nimezirudisha kwenye kasha.
Nimelegeza kwa kidole na kwa kumbukumbu,
robo ya robo ya mzunguko,
na unywele mmoja juu yake.

Mafundi wa karakana ya reli walikuwa wakisema:
valvu inayogonga haiungui,
iogope ile iliyonyamaza.

Asubuhi nikawasha.
Tak. Tak. Tak.
Sikugeuka kumtazama mtu.
Nilisikia tu, kutoka jikoni,
sufuria ikiwekwa juu ya mafiga,
na maji yakimiminwa, mengi,
ya mtu anayetoka safari na vumbi lake.

Jumamosi simu ya Urambo iliita mara tatu.
Mikono yangu ilikuwa na mafuta.