Hesabu Inasema Moja

Ijumaa usiku, ghorofa ya nne, Mtaa wa Sokoine.
Kampuni ya kutoa mizigo bandarini imefungwa,
nimebaki na kompyuta arobaini na moja
na kiyoyozi kinachodondosha maji kwenye ndoo ya rangi.

Moja niliilea mwenyewe wiki nzima.
Niliipa programu ya forodha, printa ya uhasibu,
nikaifundisha kuandika tarehe kama tunavyoiandika sisi.
Nikaiita MAMA.
Kisha nikaipiga nakala, nikaimimina kwenye arobaini
kama mtu anayegawa uji wa chekechea,
kikombe kwa kikombe, kipimo kilekile.

Saa nne zote zikaamka.
Picha moja ukutani, zote.
Na chini, pembeni kulia, maandishi ya kijivu
yaliyopauka kama kanga ya kudekia:
*Leseni haijawezeshwa.*

Nikaenda kwa seva inayogawa ruhusa.
Hiyo ni mhazini wa kikoba:
akidi isipotimia, sanduku halifunguliwi.
Akidi yake ishirini na tano.
Nikaiuliza, zimefika ngapi?
Moja.

Nikazizima, nikaziwasha. Nikazunguka meza kwa meza.
Nipo, ikasema ya mapokezi.
Nipo, ikasema ya stoo, ile yenye kibodi isiyo na herufi W.
Nipo, nipo, nipo, safu nzima ya uhasibu.
Seva ikatazama namba ya kila moja,
ikalinganisha, ikaandika:
moja.

Kulwa na Doto hupewa majina mawili
kitovu hakijakauka.
Mimi nimezaa arobaini
na wote nimewaita Kulwa.

Bwana Mbonea akapiga simu.
“Si kuna kijana Mtaa wa Aggrey anauza ufunguo, elfu kumi,
unafungua zote?”
Leseni tumelipia, bosi. Hamsini. Risiti iko kwenye faili la bluu.
“Sasa shida nini?”
Shida hazijui kama ziko nyingi.
Akanyamaza. Nikasikia televisheni yake, mpira.
“Jumatatu saa mbili,” akasema, “meli ina makontena sitini.”

Nikarudi kwa MAMA.
Kuna amri moja niliiruka kwa haraka zangu,
amri ya mwisho kabla ya kunakili.
Inasema: sahau.
Kazi ibaki nayo, fonti zibaki, printa ibaki,
lakini jina lako sahau,
namba yako sahau,
na usiku ule ulipowashwa mara ya kwanza.
Kisha lala, na usiamke
mpaka uwe mwingine.

Nikaanza kumimina upya.

Alfajiri Bi Somoe akaingia na ndoo na dekio.
Nikamweleza, maana nilihitaji kumweleza mtu.
Akacheka mpaka akaketi.
“Zako arobaini, alama moja.
Mimi mmoja, alama sina.
Walinizungusha madirisha matatu kusajili laini:
bibi, bonyeza tena. Bibi, futa jasho. Bibi, kidole kingine.
Miaka kumi na tisa ya Jiki, mwanangu, imekula vyote kumi.
Laini ninayotumia ni ya mjukuu.
Kwenye simu naitwa Rajabu.”

Sikujua niseme nini. Nikamwonyesha kioo cha seva.
Kumi na nane.
Kumi na tisa, stoo hiyo.
Umeme ukacheza, tukashikana mikono kama wajinga, ukatulia.
Ishirini na nne ikakaa muda mrefu,
mrefu mno,
nikakumbuka ya mapokezi sikuichomeka kebo.

Maandishi ya kijivu yakaondoka moja moja,
kila mashine kwa wakati wake,
bila kusubiriana.

Bi Somoe alikuwa anafuta vioo kwa kitambaa kikavu.
Kwenye kile cha mwisho akasita,
akabonyeza dole gumba,
akainama kulitazama kwa mwanga wa dirishani.

Doa tu.
Akalifuta.
“Jumatatu,” nikamwambia, “twende wote.”
Akasema ndoo yangu ya rangi imejaa, nikamwage.