Juma Lenye Tano Mbili

Shangazi Shinuna haiamini kalenda ya benki
iliyotundikwa jikoni, yenye picha ya ngome.
Anaamini vidole vyake,
na vidole vyake vina manjano tangu sijazaliwa.

"Kaa kwenye hilo debe. Kichwa nyuma."
Ananipaka unga wa mkunazi uliorowekwa,
baridi, unanuka kama ua lililonyeshewa,
na Ibra haijaona mvua tangu Shaabani.
Majani hayohayo ndiyo ya kuoshea maiti,
ananikumbusha, kwa hiyo usijione sana.
Usisuuze mpaka nimalize kuhesabu.

Harusi ya Raya ni tarehe kumi na sita, mwezi wa kumi.
Siku gani? Hatazami ukutani.
Nne ya nne, sita ya sita,
nane ya nane, kumi ya kumi,
kumi na mbili ya kumi na mbili:
hao ni ndugu wa tumbo moja, huangukia siku moja.
Tano ya tisa na tisa ya tano,
saba ya kumi na moja na kumi na moja ya saba,
hao mapacha waliobadilishana nguo,
nao wamo humo humo.
Mwaka huu ukoo mzima ni Jumamosi.
Basi kumi ni Jumamosi, kumi na saba Jumamosi,
rudi hatua moja:
Ijumaa.

Kutoka hapo anateremka kinyumenyume.
Hina, siku mbili kabla.
Singo, wiki nzima, asubuhi na jioni,
liwa isagwe kwa maji ya waridi ya Jabali,
si yale ya chupa ya plastiki.
Uvumba ulale majini usiku, uso unawe alfajiri.
Visigino, chumvi na ndimu,
"na mwambie Raya kwa Kiarabu, tafadhali."

Maana Idi iliyopita alimwambia Jumatatu,
na Raya, Kiswahili chake cha kuombea chai,
akasikia tatu, akaja siku ya tatu ya Waarabu.
Hina ilikuwa imeshakauka bakulini kama udongo wa falaji.
Wao huanzia Jumapili, sisi Jumamosi.
Soko letu la wanawake, anapouzia vikopo vyake,
kwetu ni la tano, kwa jirani yake wa meza ni la nne,
na wote wawili hufika saa kumi na mbili na nusu.
Tunakutana Alhamisi tu, hapo sote tunasema tano.
Ndiyo juma letu lina tano mbili,
moja ya nyumbani, moja ya kuazima,
na Ijumaa haina namba, imekaa kama mgeni.

"Na wewe, shangazi, ulizaliwa siku gani?"

Mkono ukasita utosini.

Pasipoti inasema mosi Januari, hamsini na moja.
"Jumatatu," akasema hapo hapo. "Ya karani.
Alikuwa na foleni, na kalamu inavuja."
Mama yake, kule Wete, alisema Ijumaa,
wanaume wanatoka msikitini,
na chungu cha mafuta ya nazi kikaungua
kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kukoroga.
Ijumaa ziko hamsini na mbili mwaka ule.
Amezihesabu.
Kila mwaka hujichagulia moja, hamwambii mtu,
hafungui kikopo cha kuuza,
anajipaka liwa yeye mwenyewe, anakaa mpaka ikauke.

"Haya, suuza."
Maji ya tangi la juu yanachemka,
kaniwekea ndoo chumba chenye kiyoyozi.
Nikiwa nimeinama, akaniuliza:
ishirini na tano ya mwezi wa kumi na mbili?
Nikaanza na ndugu, nikapotelea kwa mapacha,
nikasema Alhamisi.

Nimekosa kwa siku moja.
Kofi la mgongo, la mapenzi, la manjano.
Gauni nimelifua mara nne,
au tano, inategemea unaanzia wapi.