Ndoo ya Hewa

Jumamosi saa nne, ukumbi wa nyuma, Magomeni.
Feni moja inazunguka, ya pili inatazama.
Viatu nimeamuru vivuliwe mlangoni:
raba zenye taa kisiginoni,
yeboyebo zilizoshonwa kwa waya,
makubadhi ya Hetal wa Kisutu,
katambuga za Lemayani, mwana wa mlinzi.
Nilidhani tukishavua tutalingana.
Kumbe nyayo nazo zina lafudhi.

Mchezo ni wa mpangaji na mwenye nyumba.
Aikande wa Mbezi nimempa upangaji,
Kondo wa Tandale nikampa nyumba.
Nilijiona mwerevu.
(Lemayani ni mlango. Aliniambia:
baba naye kazi yake ndiyo hiyo.)

Aikande akaingia na ndoo ya hewa kichwani,
anachekacheka, mikono inafukuza nzi.
Kondo akasimamisha kila kitu.
"Maji gani hayo? Hujalipia hata dumu moja.
Shingo kwanza. Macho mbele. Ukicheka, umelowa."
Akamgusa kisogo kwa kidole, kama fundi apimaye ukuta.
Msichana akarudi mwanzo, akaja pole pole,
na mimi, haki ya Mungu,
nikasogeza daftari lisilowane.

Kisha zamu ya Kondo.
Karatasi yangu aliikunja, akaitia mfukoni.
Akatikisa funguo ambazo hakuwa nazo.
"Mama Kondo, huu mwezi wa ngapi?
Mimi siyo baba wa wanao.
Godoro utalikuta nje."

Mama Kondo hayumo katika mchezo wangu.
Hetal akaacha kumung'unya ubuyu.

Mwalimu wa maigizo ana neno la kila jambo:
pumua, mtazame mwenzio, sauti ifike nyuma.
Siku ile nilikuwa na chaki tu, nayo imevunjika.

Aliyejibu ni Aikande, mstari wake ameusahau.
"Ngoja," alisema, "nitue ndoo."
Na mlango, ambao sikuuandikia hata neno,
ukapiga hatua moja
ukamtua.

Saa sita honi ikalia nje.
Kondo alikwisha vaa yeboyebo zake, anahesabu nauli.
Aikande akainama, akajitwika upya,
akapita uani, shingo kwanza.
Penye gari akasita: paa fupi.
Akaishusha kifuani, akaketi, akaipakata.
Dereva akamuuliza kabeba nini.
Jibu sikulisikia,
Kondo alikuwa anapiga kelele getini:
"Mwambie asikate kona kwa kasi!"