Mdhamini Mmoja

Jaji alisema ndiyo.
Kisha akaongeza: laki tano, na mdhamini mmoja
wa kiasi hicho hicho.
Mkalimani akakaa kimya. Maneno tuliyaelewa sote,
ni hesabu iliyotushinda.

Pale koridoni, Malindi, nikamfungulia karani mkoba.
Nina nyumba Mkomani, nikamwambia,
kuta unene wa mkono mzima, vidaka, mlango wa nakshi.
"Hati?"
Nyumba ya wakfu, mwanangu. Aliyeiandika alimwandikia Mungu.
Haiuzwi, haiwekwi rehani.
Karani akaandika: hana.
Nina punda watatu, mmoja ana mimba.
Hakucheka, namshukuru.
Akaandika tena: hana.

Famau, mwana wa ndugu yangu, akarudishwa rumande
na ruhusa yake ya kwenda nyumbani.
Miezi saba aliishi nayo
kama mtu aliyepewa ufunguo, mlango haujachongwa.

Shtaka ni la mauaji. Silimung'unyi.
Aboudi wa Mwanamize alikutwa nyuma ya bohari la simiti,
na wawili walisema walimwona Famau akitoka mbio.
Mimi sikuwepo. Sijui.
Nasema hivyo kila siku, na jirani
huchukua kipande akitakacho.
Lakini asiyehukumiwa asilale kifungo cha aliyehukumiwa:
ndivyo wakili alivyosema,
au ndivyo nilivyomsikia.

Mwezi wa Rajabu, kabla ya yote hayo, afisa wa probesheni
alipita mtaani na daftari, akivua viatu kila mlango.
Akamuuliza Mwanamize: akirudi, wewe utaonaje?
Mwanamize alikuwa akipeta mchele.
Akapeta.
Afisa akangoja mpaka ungo ukaisha,
kisha akaandika: familia ya marehemu haikupinga.
Nimesoma chuoni na Mwanamize, nakijua kimya chake.
Kile hakikuwa ndiyo.
Wala hapana.

Mwishowe nilimwendea Athmani, Shela ya Malindi.
Miaka kumi na tisa tangu anipe talaka
sijamwomba hata kiberiti.
Alikuwa akitengeneza feni.
Nikaeleza. Bisibisi haikusimama.
"Atakimbia?"
Atakimbilia wapi, nikasema, Lamu ni kisiwa.
Akaingia ndani, akatoka na kopo la maziwa ya unga.
Hati imo, imekunjwa mara nne, inanuka mende.
"Usinishukuru," akasema. "Aje mahakamani tu."

Sasa Famau yuko nyumbani.
Kila Jumatatu huenda polisi kutia sahihi.
Usiku namsikia akilijaribu komeo,
afungue, afunge,
afungue.

Na vichochoro vyetu mnavijua:
wawili wakikutana, sharti mmoja ageuke ubavu.
Ijumaa nilikutana na Mwanamize nyuma ya msikiti.
Aligeuka yeye,
mgongo ukutani, chokaa ikimpaka buibui.
"Kesi lini?"
Tarehe kumi na nne.
"Nitakuwepo."
Na mimi, nikamwambia.
Nikapita. Mabega yetu yaligusana,
njia haina upana mwingine.