Namba Mbili

Ukutani, chumba cha makumbusho, Isimila,
wamepangwa watano, kushoto kwenda kulia:
wa kwanza anagusa ardhi kwa vidole,
wa tano amenyooka kama mlingoti.
"Hii ndiyo safari ya binadamu," alisema Mwalimu Msigwa,
na darasa zima likanigeukia,
mimi na kigongo changu,
likaimba: Namba Mbili!
Mwalimu naye alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

Sikupanda gari la kurudi.
Nilishuka korongoni, kwenye nguzo za udongo
zinazochongwa na mvua bila kulipwa,
nikakuta nimetanguliwa.

Tulinave, ambaye hajawahi kutamka neno.
Lutengano, anayeanguka;
kwao walimtengea sahani yake, kikombe chake, na mlango wake.
Na mtoto wa Ipogolo tuliyemwita Mchana,
ingawa jua lenyewe lilimchukia.

Baridi ya Julai haiulizi ukoo.
Tulilala fungu moja chini ya magunia ya viazi.
Lutengano akaanguka.
Tukamshika, huyu kichwa, huyu miguu,
na mtetemo wake ukapita mikononi mwetu
ukatoka upande wa pili,
na mimi nikauona mgongo wangu kwa macho ya Mchana.
Kisha nikamsikia Tulinave, si kwa sikio:
*Sogea. Kiwiko chako kiko mbavuni kwangu.*

Hilo ndilo lilikuwa neno la kwanza.
Nilitegemea kubwa zaidi.

Tangu hapo, Mchana akila, mimi nacheua.
Tuliokota shoka la jiwe mchangani,
tukalishika wote wanne:
aliyelichonga alikuwa kilema wa mguu.
Tulijua. Msituulize tulijuaje.
Na alipofika hapa
alikuwa mgongoni mwa mtu.

Usiku mmoja tuliingia kwa dirisha la makumbusho.
Watano wale wanatazama mbele, kila mmoja peke yake;
hakuna aliyegeuka kuona kama wa nyuma amefika.
Baada ya wa tano kulikuwa na nafasi nyeupe.
Tulinave alichukua mkaa.
Mkono ulikuwa wake. Kuchora, sijui.

Asubuhi mlinzi, Chengula, alikuja na ndoo na tambara.
Tulimwona kutoka korongoni, kwa macho ya Mchana, akisimama.
Alianza kufuta, akaacha.
Akaanza kuhesabu miguu ya huyo wa sita,
akapoteza hesabu,
akaanza tena.